Udongo hauna mstari wake ku buletini



Leo ninaomba tuongee juu ya karatasi moja ambayo sisi wote tulishaishika na mikono ikitetemeka: buletini. Si ile ya chuo kikuu. Ni ile ya 7e na 8e, wakati mtu iko na miaka 12 ao 13 na bado hajajua atakuwa nani.

Mwezi wa saba, kiisha proklamasio, mama mmoja jirani yetu hapa Naviundu aliniletea buletini ya binti yake wa 7e. Mtoto alipita, lakini kwa shida: asilimia 51. Mama akaniambia: «Papa, unisomee. Alianguka mu nini?» Nikatazama. Botania, rangi nyekundu. Jiografia, rangi nyekundu. Nikamujibu: «Mama, ameanguka mu maneno ya mimea na mu maneno ya dunia.» Mama akacheka kidogo, cheko la kuumia. «Huyu? Huyu njo ananilimiaga bustani.»

Yule mtoto ninamujua vizuri. Siku za mapumziko anasaidia mjomba wake kufyatua matofali nyuma ya nyumba. Siku moja nilimuuliza kwa nini wanaenda kuchimba udongo wa kichuguu kule mbali, na hapa karibu udongo uko mwingi. Alinijibu bila kufikiri: «Ya hapa iko na muchanga mingi, tofali inapasuka mbele ya kukauka. Ya kichuguu inashikamana. Unaivingirisha mu mukono sawa kamba, kama haikatike, njo iko muzuri.»

Wandugu, wale waliosoma agronomia watanielewa. Kuvingirisha udongo mkononi sawa kamba, kuona kama unakatika ao haukatiki, ile ni kazi ya pratiki ya somo la udongo. Mimi niliifanya Kasapa, nikiwa tayari mtu mzima, na walinipa pointi nzuri. Mtoto wa miaka 13 anaijua tangu zamani, na kwa dunia amepata rangi nyekundu.

Sisemi kama prof wake alikosa. Kama maulizo ilikuwa «Udongo ni nini?», jibu lililongojewa ni ile sentensi iliyo ndani ya kaye, neno kwa neno. Mtoto hakuiandika. Kwa sheria ya mchezo, pointi zimepotea kwa haki. Swali langu ni lingine: sheria ile ya mchezo ilitoka wapi? Nani alichagua kama kujua dunia ni kurudisha sentensi? Kwa kujibu, turudi nyuma kidogo.

Mbele ya shule, Katanga ilikuwa na watu waliojua dunia kwa ufundi mkubwa. Tunawaita wakula shaba, kwa sababu waliishi kwa kazi ya shaba. Walitafuta malakiti, lile jiwe la kijani, wakati wa kiangazi. Walijua kusoma majani: fasi iko na shaba mingi ndani ya udongo, miti mirefu haioti vizuri, inabaki nyasi na maua madogo ambayo yanavumilia shaba. Wataalamu wa mimea wa leo wanalijua ua moja la namna ile kwa jina la Haumaniastrum katangense. Kiisha, walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu (tena kichuguu!), wakatia makaa na jiwe, wakapuliza kwa mivukuto ya ngozi, mpaka shaba ikatiririka. Walitengeneza misalaba midogo ya shaba. Wachimbaji wa mambo ya kale waliikuta ndani ya makaburi ya Sanga, kule ku ziwa Kisale, makaburi ya karne nyingi mbele ya mzungu kufika.

Kule pia kulikuwa na mtihani. Kijana aliyejifunza kazi alipimwa, lakini kipimo chake kilikuwa tanuri yenyewe. Shaba inatoka ao haitoki. Hakuna aliyemuuliza «Malakiti ni nini?»

Kiisha, wakaja wengine wenye kusoma mawe kwa namna nyingine. Jules Cornet, mtaalamu wa mawe kutoka Ubelgiji, alipita Katanga mu miaka ya 1891 mpaka 1893 pamoja na safari ya Bia na Francqui. Mu mwaka 1906 ikazaliwa Union Minière du Haut-Katanga. Mu mwaka 1910 mji wa Elisabethville ukaanza, na mu mwaka 1911 shaba ikaanza kuyeyushwa hapa. Kuanzia pale, maarifa ya dunia yaligawanyika mara mbili. Mzungu alisoma karata na kupima jiwe. Mwafrika alichimba. Wote walikuwa ndani ya shimo moja, lakini mmoja tu njo aliitwa mwenye kujua.

Shule ilifuata mgawanyiko ule. Wabenediktini na Wasalesiani wa Don Bosco walifika mapema kabisa mu mji. Kuanzia miaka ya 1925 na 1926, serkali ya ukoloni ilipatana na misioni za Kibelgiji: misioni itafundisha, serkali itasaidia kwa feza, na programu itafuata maagizo yake. Mu mwaka 1929 ikatoka programu kwa shule zile. Mwafrika alingojewa nini? Kusoma, kuandika, kuhesabu, dini, usafi, na kazi ya mikono. Wachache waliendelea kusomea ukarani, ualimu ao ufundi. Shamba la shule lilikuwapo, ndiyo, na watoto walilima. Lakini mbele ya yote jembe lilikuwa la kuzoeza mtoto kazi na kutii. Haikuwa namna ya kumuuliza kwa nini mahindi ya huku ni ya njano na ya kule ni ya kijani.

Kuna jambo moja linalonishangaza kila mara. Monsenyeri Jean-Félix de Hemptinne, mkubwa wa Wabenediktini wa Katanga, aliandika mu mwaka 1926 makala juu ya wakula shaba, akieleza vizuri kazi yao. Kwa hiyo maarifa yale yalijulikana na wakubwa wa misioni. Yaliingia ndani ya gazeti la wataalamu. Ndani ya darasa la watoto wa wale mafundi, hapana.

Mlango wa masomo ya sekondari kwa Waafrika ulifunguka polepole. Mabadiliko ya 1948 yalileta sekondari yenyewe, mwaka 1954 shule za serkali zisizo za misioni zilianza kuwapokea Waafrika, na mwaka 1956 chuo kikuu cha serkali kilifungua mlango hapa Elisabethville, kile ambacho leo ni Unilu yetu. Wakati wa uhuru, mwaka 1960, Wakongo wenye diplome ya chuo kikuu walikuwa wachache sana.

Nyuma ya uhuru, haraka ilikuwa kubwa. Inchi ilihitaji wakubwa wa kazi, waganga, wahandisi. Mwaka 1961 sekondari ilipangwa upya, na miaka miwili ya kwanza ikaitwa cycle d'orientation, ile wazazi wetu wanaitaga C.O. Angalia jina: miaka ya kumuongoza mtoto, kumuangalia anapenda nini, anaweza nini, mbele ya kuchagua njia. Wazo lilikuwa zuri. Lakini kwa kuchagua unahitaji kupima, na kipimo kilichokuwapo kilikuwa kile kile cha zamani: kaye, interro, mtihani, asilimia.

Mwaka 1967 ukaja mtihani wa Leta, Examen d'État. Tusiuseme vibaya bure. Mbele yake, diplome ilitegemea shule uliyosoma. Kwa mtihani wa Leta, mtoto wa Kasenga na mtoto wa Kinshasa wanajibu maulizo moja siku moja. Ile ni haki kubwa, na wengi wetu tusingekuwa hapa bila yenyewe. Lakini mtihani ule unasahihishwa kwa maelfu na maelfu, na karatasi ya namna ile inaweza tu kuuliza kitu chenye jibu moja. Haiwezi kukupa udongo mkononi. Polepole, kivuli chake kikashuka mpaka chini. Prof wa 6e anatayarisha mtihani wa Leta, prof wa 4e anatayarisha 6e, na prof wa 7e anamzoeza mtoto wa miaka 12 kujibu sawa mutu wa Exetat.

Kiisha, shida. Mwaka 1974 Leta ilichukua shule za misioni, mwaka 1977 ikazirudisha mikononi mwa makanisa kwa mapatano. Mwanzo wa miaka ya 1990 mishahara ya walimu ilikuwa kama hakuna, na wazazi wakaanza kubeba mzigo wao wenyewe. Pale shule nyingi zilipoteza vile vitu vidogo vilivyobaki: karata ya ukutani, sanduku la mawe, mizani, kitabu. Ilibaki choko, ubao, na kaye. Prof anaandika, mtoto anakopia. Kama kitu cha kufundishia ni kaye peke yake, kitu cha kupimia kitakuwa kaye peke yake. Hatukuchagua ile. Umaskini ulituchagulia.

Tufike sasa ku wakati wetu. Sheria ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 ilibadilisha mpango: elimu ya msingi ni miaka 8, na 7e na 8e njo mwisho wake. C.O. ikafa kwa jina. Mu mwaka 2018 zikatoka programu mpya za sayansi kwa madarasa yale. Botania na zoolojia zikawekwa chini ya jina moja kubwa: Sciences de la Vie et de la Terre, sayansi za uzima na za dunia. Na programu ile inaomba kitu kipya kabisa. Somo lianze na hali ya kweli ambayo mtoto anaijua: mto, bustani, chakula cha nyumbani. Mtoto aangalie, apime, aeleze. Ukisoma programu ile, unasema: mtoto wa jirani yangu, mwenye matofali yake, njo waliandikia.

Lakini shika buletini. Mimi niliishika siku ile mbele ya mama. Chini ya kichwa «Sciences de la Vie et de la Terre» kuna mistari mitatu ya pointi: anatomia, botania, zoolojia. Mwili, mimea, nyama. Nilirudia kusoma mara mbili. Dunia iko wapi? Iko ndani ya kichwa cha habari. Mstari wake hakuna. Wenye kutafuta dunia, waende kuikuta mbali chini, ku jiografia, pamoja na historia.

Utasema: ni jambo dogo la karatasi. Hapana, wandugu. Kila mtu aliyesoma Kongo anajua kama karatasi ile njo inaamuru. Semesta iko na periode mbili na mtihani mmoja, na mtihani unabeba pointi sawa na periode zote mbili pamoja. Kila mstari iko na maksima yake. Prof anagawa saa zake kwa kufuata mistari. Mzazi anagombeza kwa kufuata mistari. Mtoto anasoma usiku kwa kufuata mistari. Kitu kisicho na mstari, hata kikiandikwa kwa herufi kubwa ndani ya programu, kinafundishwa kama kuna wakati. Na wakati haunaka.

Kwa hiyo jibu la swali langu ni hili. Tangu 1929 mpaka 2018 maneno ya programu yalibadilika mara nyingi. Fasi pointi zinaketi haikubadilika sana. Zinaketi juu ya sentensi ya ndani ya kaye. Na mtoto anajifunza kile kinacholeta pointi, si kile kilichoandikwa ku programu.

Kwa nini mimi, mtu wa mashamba, ninaumia juu ya ile? Juu ya fasi tunaishi. Naviundu ni jina la kartie na ni jina la mto. Watafiti walishapima maji na matope ya bonde la mto Naviundu, pamoja na mito Luano na Ruashi, wakakuta metali nzito: shaba, kobalti, risasi na zingine. Kando ya mito ya namna ile watu wanalima matembele na lenga-lenga, na mboga inaenda sokoni. Mtoto wa 7e ambaye anajua kama metali inashikamana na matope ya udongo wa mfinyanzi, na kama udongo mchachu unaiachilia upesi kuingia ndani ya mmea, yule mtoto anaweza kumwambia mama yake walime wapi na wamwagilie maji gani. Mtoto anayejua tu «Udongo ni tabaka la juu la ganda la dunia» ataandika 10 juu ya 10 na atakula ile mboga.

Ninajua walimu wa hapa watanijibu nini, kwa sababu walishanijibu. Mmoja aliniambia: «Ndugu, miye niko na batoto 70 mu darasa. Nikiuliza definisio, ninasahihisha mu siku moja, na hakuna muzazi atakuja kugomba. Nikianza kupima vile mutoto anashika udongo, kesho batasema nilimupatia pointi juu ya minyororo ya ndugu.» Yuko na haki. Sentensi ya kaye iko na uzuri wake: jibu ni moja kwa mtoto wa tajiri na mtoto wa muuza makala. Mahali pointi zinauzwa wakati mwingine, na sisi sote tunajua kama zinauzwaga, jibu moja ni ulinzi wa mtoto maskini. Sitaki tuvunje ulinzi ule.

Lakini inawezekana kuuliza udongo kwa namna isiyo na ugomvi. Mfano mmoja tu. Kila mtoto alete chupa tupu ya plastiki na konzi mbili za udongo wa kwao. Tia maji, funga, tikisa kwa nguvu, weka chini. Mchanga unashuka mara moja, dakika moja hivi. Udongo laini wa katikati unafuata mu saa zinazokuja. Mfinyanzi unabaki ukielea, maji yanakaa machafu mpaka kesho yake na zaidi. Siku ya pili mtoto anachora tabaka anazoziona. Pointi 1 kwa mchoro wenye tabaka ku mpangilio wa kweli, pointi 1 kwa majina, pointi 1 kwa kusema udongo wa nani unafaa matofali na wa nani unafaa karoti, na kwa nini. Pointi 3 juu ya 10 za interro. Zile 7 zibaki kwa kaye. Chupa iko mezani, kila mmoja anaiona, hata mzazi akija kugomba ataonyeshwa chupa. Feza inayohitajika: hakuna.

Ile haingojei Kinshasa ibadilishe buletini. Mtihani wa semesta uko na desturi zake, na mwisho wa 8e kuna TENASOSP na maulizo yake. Lakini interro ya periode ni ya prof mwenyewe. Pale njo anaamua yeye kitu gani anangojea kwa mtoto. Ni nafasi ndogo, lakini tangu zamani haijawahi kufungwa na mtu.

Mama yule nilimrudishia buletini yake. Nilimweleza kama mtoto amepita na ataingia 8e, asimupige. Kiisha nikamwita binti nyuma ya nyumba, karibu na matofali, nikamwambia anieleze tena ile kamba ya udongo. Alieleza. Nikamwambia: «Ile unasemaka, batu banaisomaka ku universite.» Alinitazama sawa mtu aliyedanganywa. Akauliza: «Sasa juu ya nini hawakuniuliza?»

Sikuwa na jibu fupi. Haya yote niliyoandika hapa ni jibu lake refu. Wale kati yetu wenye choko mkononi mu 7e na 8e, mwezi wa tisa unakuja. Muulizeni.